Makala Yako Inauzwa Mtandaoni Bila Ruhusa: Namna ya Kudai Haki Yako Marekani

Niliikuta makala yangu saa nne usiku, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Ilikuwa ile ya mafundi wa majahazi wa Lamu, maneno 1,400, niliyoiuza kwa jarida moja la Marekani ichapishwe kwenye karatasi. Sasa ilikuwa ndani ya hifadhidata ya mtandaoni. Jina langu juu, chini yake tarehe na namba ya ukurasa, na pembeni kitufe cha kulipia: dola 2.95. Picha hazikuwepo, wala matangazo, wala makala jirani zilizokuwa nayo kwenye jarida. Ilisimama peke yake, kama samaki mmoja aliyetolewa kwenye tenga na kutiwa bei.

Sikuwa nimetia saini popote kwamba iuzwe namna ile. Nilikasirika, kisha nikaanza kusoma sheria, na yale niliyojifunza ndiyo ninayokuandikia hapa. Yanamhusu mwandishi wa kujitegemea anayeuza kazi zake kwa wachapishaji wa Marekani, awe anaishi Minneapolis au Mombasa. Marekani ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989, Kenya ikafuata mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo kazi ya Mkenya au Mtanzania inalindwa kule kama ya mwenyeji. Mimi ni mwandishi, si wakili. Jambo likifika mahakama ya shirikisho, tafuta wakili.

Kabla ya hatua yoyote, ijue kesi ya Tasini

Desemba 1993, Jonathan Tasini, aliyekuwa rais wa Chama cha Taifa cha Waandishi cha Marekani, alifungua kesi New York pamoja na waandishi wenzake watano. Madai yao yalihusu makala 21 zilizochapishwa kati ya 1990 na 1993 katika New York Times, Newsday na Sports Illustrated. Wachapishaji walikuwa wamezipeleka kwenye hifadhidata ya NEXIS, na nyingine zikaingizwa kwenye sidii zilizouzwa kwa maktaba. Waandishi hawakuulizwa, wala hawakulipwa senti zaidi ya malipo ya mwanzo.

Mwaka 1997 Sonia Sotomayor, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu lakini wakati ule alikuwa mahakama ya wilaya, aliwapa ushindi wachapishaji. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Tarehe 25 Juni 2001 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi kwa kura 7 dhidi ya 2: haki ni ya waandishi. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg.

Ubishi wote ulizunguka kifungu cha 201(c) cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976. Kifungu hicho kinasema kwamba kama hakuna makubaliano mengine, mwenye gazeti anaruhusiwa kuitumia makala yako katika toleo lile ulilomwandikia, katika marekebisho ya toleo hilo, na katika toleo la baadaye la mfululizo uleule. Basi. Wachapishaji walidai kwamba hifadhidata ni marekebisho tu ya gazeti. Ginsburg alikataa. Anayesoma mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo za kurasa za gazeti, anaiona makala ndani ya ukurasa wake, pamoja na yote yaliyoizunguka. Anayetafuta kwenye NEXIS anaiona makala iliyong'olewa kutoka mahali pake. Alitoa mfano mzuri: riwaya ya kurasa 400 ikinukuu soneti, yaani shairi fupi, katikati ya masimulizi, hakuna atakayesema riwaya hiyo ni marekebisho ya soneti.

Maneno hayo yalinitia nguvu. Lakini ushindi ule ulikuwa na upande wake mchungu, na nitaueleza kwenye hatua ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu mimi.

Hatua ya 1: Jua uliuza nini

Toa kila karatasi uliyowahi kutia saini na mchapishaji huyo. Kama hakuna mkataba wowote, uko pazuri kuliko unavyofikiri, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka uhamisho wa hakimiliki, au wa haki ya kipekee, uandikwe na utiwe saini. Mazungumzo ya simu na mhariri hayahamishi umiliki. Angalia hata hivyo usije ukawa uliwaruhusu kwa vitendo: ruhusa isiyo ya kipekee inaweza kutolewa hata kwa mdomo, na barua pepe ya "sawa, wekeni na mtandaoni" inatosha kukuangusha.

Kama upo mkataba, tafuta maneno ya Kiingereza "work made for hire". Ukiyatia saini kwa makala ya gazeti au jarida kabla ya kuiandika, sheria inamhesabu mchapishaji kuwa ndiye mwandishi. Huna cha kudai. Ukikuta "all rights", nako karibu kila kitu kimekwenda. Ukikuta "first North American serial rights", umeuza haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu katika eneo hilo, na mengine ni yako.

Geuza na hundi. Katika kesi ya Tasini, Newsday ilijitetea kwa maandishi yaliyopigwa kwenye hundi zake, kwamba anayeiweka benki anakubali makala iingie kwenye hifadhi ya kielektroniki. Mahakama haikuukubali utetezi huo, lakini usitegemee bahati ya mwenzako. Maandishi ya namna hiyo ukiyaona, yapige picha na upeleke barua ya kuyakataa kabla hujaenda benki.

Kuhusu mikataba ya sasa, niseme wazi kwamba hali ni mbaya kuliko mwaka 1993. Wachapishaji waliposhindwa mahakamani walirekebisha karatasi, wakaanza kudai haki zote tangu mwanzo. Kwa hiyo pa kupigania ni kabla ya saini. Mimi siku hizi huomba kifungu kimoja kiongezwe, na si mara chache hukubaliwa: mchapishaji anapata haki ya kuchapisha mara ya kwanza kwenye karatasi na kwenye tovuti yake mwenyewe, kuiuza au kuitoa kwa hifadhidata, kampuni nyingine au mafunzo ya programu za kompyuta kunahitaji idhini mpya ya maandishi na malipo mapya, haki nyingine zote zinabaki kwa mwandishi.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi usiku huohuo

Usiandike barua ya hasira kwanza. Ukiwashtua wataiondoa makala, na ushahidi utaondoka nayo.

Piga picha ya skrini nzima, pamoja na anwani ya ukurasa, tarehe, bei, na jina la kampuni inayouza. Hifadhi ukurasa kama faili la PDF. Kama kuna njia halali ya kununua nakala, inunue na utunze stakabadhi. Kisha piga picha ya makala ilivyoonekana kwenye jarida la karatasi: ukurasa wote, na picha zake na matangazo yake.

Kwa nini ukurasa wote? Kwa sababu namna makala inavyoonyeshwa ndiyo inayoamua kesi. Kanada nao walikuwa na kesi yao, ya mwandishi Heather Robertson dhidi ya wenye gazeti la Globe and Mail. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema hifadhidata za mtandaoni zilivunja haki za waandishi wa kujitegemea. Sidii lakini ziliachiliwa, kwa vile zilihifadhi sura ya toleo la siku kama lilivyotoka. Makala ileile, mwandishi yuleyule, matokeo mawili. Kwa hiyo kama makala yako iko ndani ya nakala ya jarida zima unayoipekua ukurasa kwa ukurasa, madai yako ni dhaifu. Kama imesimama peke yake na kitufe cha bei pembeni, una la kusema.

Andaa pia jedwali dogo: jina la makala, tarehe ya kuchapishwa, malipo uliyopata, tarehe uliyoigundua mtandaoni, na mahali ulipoiona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na makala ni mali.

Hatua ya 3: Sajili

Hapa ndipo nilipoanguka, na ndipo walipoanguka maelfu ya waandishi wa Marekani wenyewe.

Hakimiliki unaipata pale tu unapoandika, hakuna anayekupa. Lakini Marekani ina desturi yake: bila kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki, haki unayo mkononi ila fimbo huna. Kazi ya Marekani, ikiwemo ile iliyochapishwa kwanza kule, haiwezi kufunguliwa kesi kabla ofisi hiyo haijaisajili au haijalikataa ombi lako. Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo mwaka 2019. Kazi ya mgeni iliyochapishwa kwanza nje ya Marekani imesamehewa sharti hilo la kufungua kesi. Halijasamehewa lile linalouma zaidi: kama hukusajili kabla haki yako haijavunjwa, au ndani ya miezi mitatu tangu makala ichapishwe mara ya kwanza, mahakama ya shirikisho haiwezi kukupa fidia iliyopangwa na sheria, wala kumwamuru mdaiwa akulipie wakili.

Tazama maana yake kwa fedha. Aliyesajili kwa wakati anaweza kupewa kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama kuvunja kulikuwa kwa makusudi, bila kulazimika kuonyesha alipoteza kiasi gani. Asiyesajili anatakiwa athibitishe hasara yake halisi au faida waliyopata wale. Kwa makala iliyouzwa kwa dola 2.95, uthibitisho huo ni kilio.

Baada ya hukumu ya Tasini, kesi za kundi, yaani zinazofunguliwa na wachache kwa niaba ya wengi wenye madai yaleyale, za waandishi wengine dhidi ya wachapishaji na wenye hifadhidata ziliunganishwa, na mwaka 2005 pande zote zilikubaliana juu ya mfuko wa hadi dola milioni 18. Waandishi waligawanywa makundi matatu. Kundi A, waliosajili mapema, waliwekewa dola 1,500 kwa kila moja ya makala 15 za mwanzo kwa mchapishaji mmoja. Kundi B walikuwa waliochelewa kusajili. Kundi C ni ambao hawakusajili kabisa, na humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa mno ya makala zote: viwango vyao vilianzia dola 5. Tena, mfuko ukipungukiwa, la C ndilo lililokuwa likatwe kwanza. Soma tena tarakimu hizo mbili, 1,500 na 5. Jasho lilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni fomu.

Na huo ndio upande mchungu niliousema. Uchungu mwingine: badala ya kuwalipa waandishi, New York Times iliondoa kwenye hifadhidata makala zipatazo 115,000, na aliyetaka yake irudishwe alitakiwa kwanza asamehe madai yake.

Usajili wenyewe si mgumu. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, unajaza fomu, unalipa, unapakia nakala. Kazi moja ya mwandishi mmoja ni dola 45. Kwa anayeandika mara kwa mara, njia bora ni usajili wa kundi. Makala fupi zilizotoka kwanza mtandaoni, kila moja kati ya maneno 50 na 17,500, unaweza kuziweka hadi 50 kwenye fomu moja kwa dola 65, mradi ziwe zimechapishwa ndani ya kipindi cha miezi mitatu. Zilizotoka kwenye magazeti na majarida zina fomu yao, dola 85, inayokusanya za miezi 12. Angalia ada kwenye tovuti yao kabla ya kulipa, maana hubadilika.

Mimi nimejiwekea siku: Jumamosi ya mwisho ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Nakaa na chai ya tangawizi, nachomoa faili za robo mwaka, kila makala kwenye faili lake, nazifunga pamoja na orodha ya majina na tarehe, natuma. Inachukua kama saa moja na nusu. Miezi mitatu haijawahi kunipita tena.

Kama umeshachelewa, sajili hivyo hivyo. Milango miwili iliyobaki, nitakayoieleza kwenye hatua ya sita, haifunguki kirahisi bila usajili.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Una miaka mitatu kufungua kesi ya madai. Mahakama nyingi za Marekani huanza kuhesabu pale ulipogundua, au ulipopaswa kugundua, na ndiyo sababu ya kuandika tarehe ya kugundua kwenye lile jedwali. Usikae mwaka mzima ukibadilishana barua za upole na mhariri. Upole wake hausimamishi saa.

Hatua ya 5: Andika barua ya madai

Sasa ndiyo waandikie. Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi, iende kwa mchapishaji na kwa mwenye hifadhidata, wote wawili, kwa kuwa kila mmoja atasema mwenye kosa ni mwenzake. Taja kazi, tarehe, haki uliyouza na ile ambayo hukuuza. Ambatisha picha za skrini. Kama umesajili, weka namba ya usajili kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Mwanasheria wao atatafuta hiyo kabla hajasoma jingine lolote. Taja kiasi unachodai na siku ya mwisho ya kujibu, tuseme siku 21. Usitishie jela wala kuwapaka matope mitandaoni.

Ukitaka makala iondolewe tu, kuna notisi ya kuondoa kazi chini ya sheria ya mwaka 1998. Hiyo hutumwa kwa tovuti au kampuni iliyohifadhi ukurasa, na unatia saini kwamba maelezo ni kweli na, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka ya kudai kwa niaba ya mwenye haki. Inafanya kazi haraka lakini haikuletei malipo.

Barua yangu ilijibiwa siku ya 19. Walitoa dola 150 na kuiondoa makala. Wakili niliyemuuliza aliitazama fomu yangu tupu ya usajili, akanyamaza kidogo, akasema, "Chukua." Nikachukua.

Hatua ya 6: Chagua pa kudai

Tangu Juni 2022 kuna mlango ambao Tasini na wenzake hawakuwa nao: Bodi ya Madai ya Hakimiliki, iliyo chini ya Ofisi ya Hakimiliki. Kila kitu hufanyika kwa mtandao, huhitaji wakili, na ada yote ni dola 100, zikilipwa 40 kwanza na 60 baadaye. Inaweza kutoa hadi dola 30,000 kwa shauri zima. Lililonifurahisha ni kwamba hata aliyechelewa kusajili anaweza kupata fidia iliyopangwa na sheria, hadi dola 7,500 kwa kazi, ilimradi ombi la usajili liwe limeshapelekwa. Unaweza kudai ukiwa Lamu au Arusha, lakini unayemdai lazima awe Marekani. Kasoro yake ni hii: mdaiwa ana siku 60 za kukataa kushiriki, na akikataa shauri linaishia hapo.

Akikataa, inabaki mahakama ya wilaya ya shirikisho. Ada ya kufungua ni dola 405, na hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Usiingie humo bila wakili. Uliza kama atakubali kulipwa kutokana na ushindi. Aliyesajili mapema humpata kwa urahisi zaidi kwa sababu ada ya wakili inaweza kudaiwa kwa mshindwa. Waandishi wasio na uwezo watafute mashirika ya wanasheria wa kujitolea kwa wasanii, yapo katika miji mingi ya Marekani.

Hatua ya 7: Ukiletewa notisi ya kesi ya kundi, ifungue

Wengi huitupa wakidhani ni matapeli. Hakiki jina la kesi kwenye tovuti ya mahakama, kisha jaza fomu ya madai kabla ya siku ya mwisho. Hapa tena usajili hukufuata: katika maridhiano ya dola bilioni 1.5 ya mwaka 2025 kati ya waandishi wa vitabu na kampuni ya akili mnemba ya Anthropic, yanayofikia takriban dola 3,000 kwa kitabu, vitabu ambavyo havikusajiliwa Marekani kwa wakati havikuingia kwenye hesabu.

Na uwe na subira ya kweli. Yale maridhiano ya 2005 yalipingwa na waandishi wenyewe, akiwemo Irvin Muchnick. Yalifika Mahakama ya Juu mwaka 2010 juu ya swali la makala zisizosajiliwa, yakarudi, yakatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2011 kwa kuwa kundi C halikuwa na mtetezi wake, yakaandikwa upya, yakaidhinishwa mwaka 2014. Hundi zilifika mwaka 2018, miaka 17 baada ya hukumu ya Tasini.

Kwa hiyo ukishatuma fomu, andika namba ya madai yako kwenye lile jedwali, mjulishe msimamizi wa kesi kila unapohama nyumba au kubadili barua pepe, na mwonyeshe mwenzi wako au mwanao mmoja faili liko wapi.